Ufunguo wa Sanduku la Posta si Urithi

Mtu anapofariki, neno la kwanza matangani huwa la maziko, la pili la madeni, na la tatu la mirathi. Liko neno la nne ambalo aghalabu halitajwi mpaka liwe limekwisha leta ugomvi, nalo ni neno la barua. Ikiwa marehemu alikuwa na ubia na mwenzake katika biashara, barua za biashara hiyo haziingii edani pamoja na mjane. Huendelea kuwasili kama desturi: ya mwuzaji wa jumla anayedai fedha zake, ya mteja anayeulizia mzigo wake, ya benki, ya halmashauri, na ya mamlaka ya kodi. Nani azipokee? Nani azifungue? Na huyo aliyezifungua, amwoneshe nani?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo na halistahili nafasi katika safu hii. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na fikra hiyo, mpaka alipoona kwa macho yake mali ya mayatima ikipungua bila ya mtu yeyote kuvunja kufuli wala kuiba senti.

Yafaa kwanza tukumbushane namna barua inavyomfikia mfanyabiashara wa nchi hii. Tangu zamani, na hata baada ya Shirika la Posta Tanzania kuanza kazi peke yake tarehe 1 Januari 1994, barua zetu nyingi hazifiki mlangoni. Hufika katika sanduku lenye namba, ambalo mwenyewe hulilipia ada kila mwaka na kukabidhiwa ufunguo. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imezipa nyumba namba na barabara majina, lakini ukiitazama stakabadhi ya duka utakuta mara nyingi imeandikwa S.L.P. kama ilivyoandikwa enzi za wazee wetu.

Elerai ni kata ya jiji la Arusha, na jina lake latokana na olerai, mgunga wenye gome la manjano, kama wauitavyo Wamaasai. Wanaishi hapo na kufanya biashara watu wa makabila mengi ya bara, na pamoja nao wamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliovuka bahari kutafuta riziki ya halali. Mwenye duka wa Elerai akitaka barua zake hupanda daladala mpaka karibu na Mnara wa Saa, ilipo posta kuu ya mji. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa sanduku ndiye mwenye macho na masikio ya biashara. Asiye nao hungoja kuambiwa.

Funguo mbili, sanduku moja

Mwaka 2017, nikiwa na dhamana katika tawi la Chama, niliitwa kusuluhisha shauri la wabia wawili waliokuwa wakiuza mabati, misumari na rangi. Mmoja alikuwa mwenyeji wa Elerai, na wa pili Mpemba. Kwa miaka kumi na moja walikula sahani moja na kugawana faida kila mwisho wa mwaka, bila ya mkataba wa maandishi. Waliaminiana, na kuaminiana ni jambo jema. Lakini kuaminiana hufa pamoja na mmoja wa walioaminiana, kwa kuwa warithi hawakuwapo siku maneno yalipopatanwa.

Yule Mpemba aliugua, akaenda kwao kujiuguza, akafia huko. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sanduku la posta lilikuwa limekodiwa kwa jina lake yeye mwenyewe, si kwa jina la biashara, kwa sababu ndiye aliyepanga foleni siku ile ya mwanzo. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa kwa mwenzake dukani. Wa pili ulikuwa katika mfuko wa koti la marehemu, nao ulirudi Arusha mkononi mwa ndugu yake, ambaye ukoo ulimtuma kuja kutazama mali.

Watu hao wawili walikutana mbele ya sanduku asubuhi moja, kila mmoja akiwa amewahi ili amtangulie mwenziwe. "Kaka," akasema ndugu wa marehemu, "sanduku hili ni la maiti wetu. Jina lililoandikwa posta ni lake." Naye mbia akajibu, "Sheikh, jina ni lake, lakini humu ndani mna jasho la watu wawili." Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Walipokwenda kwa mtumishi wa posta, mmoja akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na wa pili akiwa na leseni ya biashara, mtumishi yule aliogopa kuhukumu, akawataka walete amri ya mahakama. Wakakubaliana kwamba hadi siku hiyo asifungue mtu.

Walidhani wamefanya insafu. Kumbe barua ziliendelea kutiwa ndani, na miongoni mwake ilikuwamo ya makadirio ya kodi. Ndani ya makadirio hayo ilihesabiwa shehena ya mabati ambayo wabia walikwisha irudisha kwa aliyewauzia, wala hawakuwa wamepeleka hati ya kuonesha hivyo. Ilikuwa hesabu ya kusahihishwa kwa barua moja na karatasi moja. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30, tangu alipofikishiwa makadirio, awe amekwisha wasilisha pingamizi lake. Sanduku lilipofunguliwa, siku hizo zilikuwa zimekwisha pita.

Msomaji na apime mwenyewe. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi. Siku thelathini za sheria hupita mara nne kabla ya mjane huyo hajatoka edani. Ni kweli kwamba sheria inaruhusu kuomba muda uongezwe kwa sababu ya msingi, mathalan ugonjwa au kutokuwapo nchini; lakini ni nani atakayesimama mbele ya ofisa na kusema kwamba sababu yake ni ugomvi wa ufunguo? Wakalipa. Fedha hizo zilikatwa katika mali ya ubia, na fungu la mayatima wanne likapungua sawasawa na fungu la mbia aliyebaki hai. Hakuna aliyefaidika na ushindani ule.

Sheria inasemaje

Upande wa bara, mambo ya ubia yamewekwa katika Sheria ya Mikataba, ambayo ilitungwa mwaka 1961 na sasa ni Sura ya 345. Kanuni yake ni kwamba, isipokuwa kama wabia wamepatana vinginevyo, ubia huvunjika kwa kifo cha mbia mmoja. Hapa ndipo ubia unapotofautiana na kampuni. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Mwenye hisa akifa, kampuni haifi, na barua zake ni zake. Ubia si mtu peke yake. Ubia ni watu walioshikana mikono, na mmoja akiondoka mshikano umekwisha.

Lakini kuvunjika si kutoweka. Mzigo uliokwisha agizwa utafika, deni lililokwisha kopwa litadaiwa, na mteja aliyelipa nusu atataka bidhaa yake. Ndiyo maana sheria hiyo hiyo inamwachia mbia aliye hai mamlaka ya kumaliza shughuli zilizoanzwa na kufunga hesabu. Sheria yetu imerithi msingi huu kutoka Uingereza, ambako mwaka 1906 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bourne, ilikubali kwamba mbia aliyebaki anayo haki, na zaidi ya haki anao wajibu, wa kuikusanya mali ya ubia ili hesabu zifungwe. Mtu hawezi kukusanya madeni asiyoyajua, wala kujibu dai asilolisoma. Basi barua zilizoandikwa kwa jina la biashara hana budi kuzipokea yeye.

Je, maana yake ni kwamba ndugu wa marehemu alikosa haki? La hasha. Sheria inawapasa wabia kupeana hesabu za kweli na habari kamili za mambo yote ya ubia, na wajibu huo unamfikia pia mwakilishi halali wa mbia aliyekufa, yaani msimamizi wa mirathi. Fungu la marehemu ni deni juu ya mbia aliyebaki, na mwenye kudai ana haki ya kuona hesabu inavyofanywa. Kwa ufupi, mbia aliye hai ana mkono, nao warithi wana macho. Anayewanyima warithi macho ni mwizi hata kama hajachukua kitu. Na anayemkata mbia mkono anaiua mali anayotaka kuirithi.

Tuliosoma chuoni kabla ya kusoma skuli tunajua kwamba sharia ya dini haiko mbali na maneno haya. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo masheikh wa pwani yetu wameisomesha vizazi kwa vizazi, sharika huvunjika kwa kufa mmoja wa washirika. Qurani Tukufu katika Sura ya Swad, aya ya 24, inatuonya kwamba washirika wengi hudhulumiana isipokuwa wenye imani na matendo mema, nao ni wachache. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, tunaamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Na aya ya 11 ya sura hiyo hiyo inauweka urithi nyuma ya wasia na deni. Sasa tuulizane: deni la maiti litajulikanaje ikiwa barua inayolitaja imefungiwa sandukuni? Mwenye kuzuia barua isisomwe amezuia deni lisilipwe, na mwenye kuzuia deni amemzuia maiti mwenyewe.

Fundisho la mwaka 1884

Liko shauri la zamani ambalo ingawa si la kifo, lafaa kuwa mwongozo wetu. Mwaka 1884, huko Uingereza, kampuni ya Hermann Loog iliyouza cherehani ilimwachisha kazi meneja wa tawi lake mmoja, aitwaye Bean, ambaye alikuwa akiishi katika jengo lile lile la ofisi. Alipoondoka, Bean aliiandikia posta kwamba barua zote zenye jina lake zipelekwe kwake nyumbani. Kati ya zilizofika kwake, mbili zilihusu biashara ya kampuni. Badala ya kuikabidhi kampuni akazirudisha kwa waliozituma. Mahakama ya Rufani iliona kwamba hakuwa na haki ya kuiagiza posta namna ile, ikamwamuru aifute barua yake. Lakini majaji hawakuiachia kampuni nayo ifanye ipendavyo. Kampuni iliahidi mbele ya mahakama kwamba barua hizo zitafunguliwa kwa saa zilizowekwa tu, na kwamba Bean atakuwa na ruhusa ya kuhudhuria zinapofunguliwa.

Tazama jinsi hukumu hiyo ilivyopima. Barua hazikuzuiwa, kwa kuwa biashara ingekufa. Hazikuachwa kwa upande mmoja gizani, kwa kuwa hapo dhuluma ingezaliwa. Zilifunguliwa mezani, kwa saa inayojulikana, mbele ya macho ya pande zote mbili. Kanuni za posta za Marekani nazo zina njia ya namna hiyo: wanaogombania barua wakishindwa kupatana nani azipokee, barua hizo zaweza kukabidhiwa mtu wa tatu waliyemkubali wote.

Ndivyo tulivyofanya Elerai mwishowe, ingawa kwa kuchelewa. Tuliweka meza dukani kila Jumatano baada ya sala ya alasiri. Barua zililetwa zikiwa zimefungwa, zikagawanywa mafungu matatu. Zilizoandikwa kwa jina la biashara zilifunguliwa na mbia, zikasomwa kwa sauti, na kuandikwa katika daftari: tarehe, zilikotoka, zinataka nini, na zimejibiwaje. Zilizoandikwa kwa jina la marehemu peke yake, na ambazo dalili zake ni za kifamilia, hazikuguswa. Zilikabidhiwa ndugu yake zikiwa na gundi yake, maana ibara ya 16 ya Katiba yetu inayahifadhi mawasiliano ya mtu binafsi, na heshima hiyo haifai kuisha pamoja na pumzi. Zenye shaka zilifunguliwa na wote wawili kwa pamoja. Wiki ya tatu, ndugu wa marehemu mwenyewe alisema hana haja tena ya kushika ufunguo, kwa kuwa daftari linamtosha.

Bahari moja, sheria mbili

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Posta ni jambo la Muungano; barua ya Wete na barua ya Arusha huchukuliwa na shirika moja. Mirathi na mikataba si mambo ya Muungano. Kwa hiyo barua inavuka bahari kwa sheria moja, nayo mali inayotajwa ndani yake inasimamiwa kwa sheria mbili. Mirathi ya Mwislamu aliyefia Pemba yaweza kuanza kwa Kadhi huko huko, ambapo jina la biashara yake limesajiliwa bara na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na sanduku lake liko chini ya Mlima Meru. Warithi wasifanye haraka ya kuja na muhtasari wa ukoo wakidhani umekamilika. Waulize mahakama mapema ni hati gani itakayotambuliwa upande wa pili, na ikiwa yahitaji muhuri mwingine waushughulikie katika wiki za mwanzo.

Aidha, tusijidanganye kwamba zama za barua zimepita. Ufunguo umebadilika sura tu. Leo biashara nyingi hupokea taarifa zake kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mmoja, na Shirika la Posta lenyewe limeanzisha sanduku linalotumia namba ya simu ya mkononi. Vidole vya maiti havifungui kitu. Mbia anayesajili mawasiliano yote ya ubia kwa jina lake pekee amemwekea mwenzake kufuli ambalo hakuna fundi wa kulifungua.

Yanayopasa kutendwa

Kwa wabia, ushauri wetu ni huu. Sanduku la posta, namba ya simu na anwani ya kielektroniki visajiliwe kwa jina la biashara, si la mtu. Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na ndani yake liwemo sharti la barua: mmoja wetu akifa, aliye hai atazipokea, atazifungua mbele ya mtu aliyetajwa na mwenzake, na kuziandika daftarini mpaka hesabu zitakapofungwa. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Ubia ni jambo zito kuliko deni la siku chache.

Kwa ukoo: katika kikao kile kile kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, atajwe pia mtu wa kuhudhuria ufunguzi wa barua tangu wiki ya kwanza, bila ya kungoja hati. Kuhudhuria si kurithi, wala hakumpi mtu mamlaka ya kuuza hata msumari. Mjane aliye edani apelekewe nakala nyumbani. Eda inamzuia kutoka, haimzuii kujua. Na ada ya sanduku ilipwe kwa wakati, ili anwani ya ubia isipotee kabla ya madeni yake.

Kwa watumishi wa Serikali na mashirika yake: karani wa posta si hakimu, na hatumwombi awe hakimu. Tunachoomba ni kwamba fomu ya kukodi sanduku imtake mteja aseme kama ni la mtu au la ubia, na amtaje mtu wa pili wa kuarifiwa. Wasajili wa majina ya biashara, ambao sheria inataka waarifiwe wabia wanapobadilika, waikumbushe jamii wajibu huo. Nayo ofisi inayotuma notisi yenye siku za kuhesabiwa, ikipata habari kwamba mbia amekufa, iandike nakala ya pili kwa aliye hai dukani.

Arusha ndiyo makao ya Umoja wa Posta Afrika tangu ulipoundwa tarehe 18 Januari 1980, na jengo lake la ghorofa 17 lilizinduliwa hapa mwaka 2023. Arusha hii hii ndiyo iliyolipa jina Azimio la mwaka 1967, ambalo lilianza kwa imani kwamba kila raia anastahili hifadhi ya maisha yake na ya mali aliyoipata kwa mujibu wa sheria. Hifadhi hiyo haikusudiwi kwa wenye mashamba na majumba pekee. Inamhusu pia yatima ambaye mali yake yote ni nusu ya duka la misumari, na habari za nusu hiyo zimo katika bahasha asiyoweza kuifikia.

Basi ndugu msomaji, kama unaye mbia, usingoje matanga. Mwulize leo, angali hai na wewe ungali hai: ufunguo wa pili uko wapi, na nani atasimama kando yangu nitakapoufungulia mlango?